Namna ya Kupata Faraja ya Kiroho katika Habari za Injili

Mkristo anayefungua Injili akiwa amechoka au ameumizwa kwa kawaida hutafuta mstari mmoja wa kushikilia. Akiupata huuandika mahali, huurudia siku mbili tatu, kisha nguvu yake hufifia na inambidi atafute mwingine. Hali hii haishangazi, kwa sababu mstari uliotengwa na watu waliousikia kwa mara ya kwanza hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake. Mgawanyo wa sura tulionao unahusishwa na Stephen Langton wa mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari tunazozitumia katika Agano Jipya zilichapwa na Robert Estienne mwaka 1551. Kabla ya hapo, waamini wa vizazi vingi walizipokea Injili kama habari zenye watu, safari, njaa, ubishi na misiba, zikisomwa kwa sauti mbele ya kusanyiko. Mwongozo huu unafuata njia hiyo ya kusoma habari nzima, na unamwelekea msomaji anayetaka kutiwa moyo katika maisha yake ya kila siku bila kulilazimisha Neno liseme lisichosema.

Chagua habari nzima, ujue inapoanzia na inapoishia

Habari moja ya Injili ina mipaka inayoonekana ukiitafuta: mahali hubadilika, wakati hubadilika, au watu wapya huingia. Kisa cha dhoruba katika Marko huanza kwa maneno ya kwamba ilikuwa jioni ya siku ile, na huisha pale wanafunzi wanapoulizana huyu ni nani hata upepo na bahari humtii (Marko 4:35–41). Hiyo ni mistari saba tu, inayomtosha mtu kwa siku kadhaa. Vichwa vidogo vilivyo juu ya aya katika Biblia nyingi vimewekwa na wachapishaji ili kurahisisha kutafuta, navyo si sehemu ya andiko. Visikuamulie habari inahusu nini, wala visikuzuie kurudi nyuma mistari michache.

Kurudi nyuma huko kuna faida kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mfano wa mwana mpotevu husomwa mara nyingi kuanzia Luka 15:11, na yule ndugu mkubwa huonekana kama nyongeza mwishoni. Ukianzia mstari wa kwanza wa sura hiyo utaona kwamba watoza ushuru na wenye dhambi walikuwa wakimkaribia Yesu, na kwamba Mafarisayo na waandishi walinung'unika kwa sababu alikula pamoja nao. Mifano mitatu inayofuata, wa kondoo, wa shilingi na wa wana wawili, inajibu manung'uniko hayo. Ndugu mkubwa anayesimama nje akikataa kuingia karamuni ndiye msikilizaji aliyelengwa, na Luka hasemi kama hatimaye aliingia. Mtu aliyetumikia kanisani miaka mingi na sasa anaona wageni wakipewa nafasi atapata humo neno la baba lililosemwa kwa upole mkubwa: "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako." Hilo ni neno la faraja pia, ingawa linamfikia mtu aliyekasirika.

Kuhusu uanze na Injili ipi, rai yangu ni kwamba anayeanza aanze na Marko. Ina sura 16 tu, na inaweza kusomwa yote kwa sauti chini ya saa mbili. Luka humfaa anayetaka kujifunza sala na anayejiona amesahauliwa, kwa kuwa amehifadhi habari nyingi za wajane, maskini na watoza ushuru. Yohana ana matukio machache, lakini mazungumzo yake ni marefu. Makanisa yanayofuata kalenda ya masomo ya miaka mitatu husoma hasa Mathayo mwaka wa kwanza, Marko wa pili na Luka wa tatu, huku Yohana akisomwa zaidi katika majira maalumu kama Kwaresima na Pasaka. Aliye katika kanisa la namna hiyo hana haja ya kujitungia mpango: achukue Injili ya Jumapili ijayo, aanze kuisoma Jumatatu, na Jumapili atamsikiliza mhubiri akiwa tayari amekaa nayo.

Soma mara mbili, ya pili kwa ajili ya mambo madogo

Usomaji wa kwanza uwe wa kufuata mwendo wa habari tu, ikiwezekana kwa sauti. Usomaji wa pili uende taratibu, ukitazama mambo madogo ambayo mwandishi angeweza kuyaacha na hakuyaacha: nani anasema, nani amenyamaza, nani amekuja kwa uso na nani kwa nyuma, nani anazuiwa na wengine, nani anasubiri. Hapa ndipo faraja nyingi zilipo, na hapa ndipo wasomaji wengi wenye haraka hupita.

Chukua Marko 5:21–43. Yairo ni mmoja wa wakuu wa sinagogi. Ametajwa kwa jina, na anaanguka miguuni pa Yesu mbele ya watu wote akimsihi kwa ajili ya binti yake aliye katika kufa. Yesu anaondoka pamoja naye. Njiani anatokea mwanamke asiyetajwa jina, aliyetokwa na damu kwa miaka 12, ambaye kwa maneno ya Marko alikuwa ameteswa mengi na tabibu wengi, amegharimu vyote alivyo navyo, wala hakupata nafuu, bali hali yake ilizidi kuwa mbaya. Anakuja kwa nyuma na kuligusa vazi. Yesu anasimama na kuuliza ni nani aliyemgusa, na wanafunzi wanaliona swali hilo halina maana, kwa kuwa makutano yanamsonga kila upande. Yeye anaendelea kutazama huku na huku mpaka mwanamke yule anakuja akitetemeka na kumweleza kweli yote.

Sasa mtazame Yairo. Amesimama hapo wakati wote huo. Marko haandiki neno lolote alilosema wala namna uso wake ulivyokuwa, lakini tunajua kwamba mtoto wake yu katika hatari, na kwamba msafara umesimama kwa ajili ya mtu ambaye ugonjwa wake umedumu miaka 12 na ambaye, kwa hesabu ya kibinadamu, angeweza kungoja hadi jioni. Yesu angali anasema na mwanamke wakati watu wanapofika kutoka nyumbani kwa mkuu wa sinagogi na kusema, "Binti yako amekwisha kufa, kwani kuzidi kumsumbua mwalimu?" Kucheleweshwa kulikomponya mmoja kumeonekana kumwondolea mwingine kila kitu. Baadaye tu Marko anataja kwamba msichana naye alikuwa na umri wa miaka 12: amezaliwa mwaka ambao maradhi ya yule mwanamke yalianza.

Mtu anayeomba jambo kwa muda mrefu huku akiona wengine wakijibiwa atajikuta katika nafasi ya Yairo bila kulazimisha chochote. Anachopewa hapo ni hiki: Yesu hamwachi Yairo atembee na habari ile hata hatua moja kabla ya kusema naye. Mara tu neno la msiba linaposemwa, analijibu: "Usiogope, amini tu." Hamlaumu kwa hofu yake wala hamtetei mbele yake yule mwanamke. Anaendelea na safari ileile aliyokuwa ameianza pamoja naye. Tena, mwanamke aliyekuja kwa siri ameitwa "Binti", neno ambalo Yairo alilitumia kwa mtoto wake. Aliyekuja na jina na cheo na aliyekuja bila hata jina wamehudumiwa kwa uzito uleule. Na msichana anapoinuka, katikati ya mshangao wa watu, Yesu anaagiza apewe chakula. Ni jambo dogo sana, na mimi hulipenda kuliko maelezo mengi marefu kuhusu muujiza ule.

Usomaji wa namna hii hauhitaji elimu ya theolojia. Unahitaji dakika ishirini zisizokatizwa, na uvumilivu wa kutokimbilia fundisho kabla watu wa kisa hawajamaliza kusema.

Angalia unapojiweka

Kila msomaji ana mtu anayependa kuwa. Wengi tunapenda kuwa Msamaria mwema, au yule mwanamke aliyesamehewa, na ni nadra tukajiona katika watu waliomkemea kipofu Bartimayo ili anyamaze (Marko 10:48), au katika Simoni Mfarisayo aliyemkaribisha Yesu chakulani akamnyima maji ya miguu (Luka 7:44). Ni vizuri kuisoma habari moja kwa siku mbili au tatu, kila siku ukisimama mahali pa mtu tofauti, ukiwamo umati. Siku utakayosimama mahali usipopapenda huenda ukaonywa, na hilo lisikukatishe tamaa. Simoni Mfarisayo naye alikuwa amekaa meza moja na Yesu, na Yesu alimwambia, "Simoni, nina neno nikuambie," akaanza na mfano wa wadeni wawili badala ya kumfedhehesha.

Ukishazunguka kwa watu hao, rudi kwa Yesu mwenyewe, uulize swali moja: hapa anamtendea nini mtu wa namna hii? Watu wa kisa wamo ili tumwone yeye. Yohana anasema wazi kwamba ishara alizoziandika zimeandikwa ili wasomaji wapate kuamini ya kwamba Yesu ndiye Kristo, Mwana wa Mungu, na kwa kuamini wawe na uzima kwa jina lake (Yohana 20:31). Anayetafuta faraja kwa kumtazama Petro tu, jinsi alivyoshindwa na kuinuka, ataipata mpaka siku atakapoona kwamba yeye mwenyewe ameshindwa mara nyingi kuliko Petro.

Usigeuze tukio kuwa ahadi ya matokeo

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu kuliko mahali pengine pote katika mwongozo huu. Kuna namna ya kuhubiri na kujisomea ambayo huchukua mwisho wa kisa na kumkabidhi msikilizaji kama hati: mgonjwa wa kisa aliponywa, basi nawe utaponywa, Lazaro alitoka kaburini, basi jambo lako nalo litatoka. Wanaosema hivyo mara nyingi wana nia njema. Lakini Injili zenyewe haziruhusu hesabu hiyo, na anayeijenga imani yake juu yake huja kuumia mara mbili, kwanza na jambo lenyewe, kisha na wazo kwamba Mungu amemvunjia ahadi ambayo kwa kweli hakuitoa.

Katika birika la Bethzatha walilala wagonjwa wengi, vipofu, viwete na waliopooza. Yohana anasimulia kuponywa kwa mmoja, mtu aliyekuwa hawezi kwa miaka 38 (Yohana 5:1–9). Hao wengine Yohana hasemi habari zao. Yohana Mbatizaji, akiwa gerezani, alituma wanafunzi wake kuuliza, "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Yesu alimpelekea habari za vipofu kuona na viwete kwenda, na neno la heri kwa mtu asiyechukizwa naye, hakumtoa gerezani, na sura tatu mbele tunasoma jinsi Herode alivyomkata kichwa (Mathayo 11 na 14). Yesu mwenyewe aliomba Gethsemane kikombe kimwepuke, akakinywa. Hata Lazaro, baada ya kufufuliwa, makuhani wakuu walifanya shauri la kumwua (Yohana 12:10).

Kwa hiyo unaposoma habari ya uponyaji ukiwa na mgonjwa nyumbani, tenganisha mambo mawili katika daftari lako au moyoni mwako. La kwanza ni kilichotokea siku ile kwa mtu yule, ambacho unaruhusiwa kukiomba kwa ujasiri wote. La pili ni tabia ya Yesu iliyoonekana katika kutokea kwake: kwamba huruma yake haikungoja mtu astahili, kwamba alisimama kwa ajili ya sauti ambayo wengine waliinyamazisha, kwamba swali la Yohana Mbatizaji halikumkasirisha, bali mara baada ya wajumbe kuondoka alimsifu mbele ya makutano. Hilo la pili halibadiliki hata matokeo yakiwa tofauti, na ndilo la kuegemea.

Azima maneno ya watu wa Injili katika sala

Baada ya kusoma, sala isiwe ndefu. Injili zimejaa sala fupi zilizosemwa na watu waliobanwa, na unaweza kuzichukua zilivyo. Baba wa kijana mwenye pepo alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24). Petro alipoanza kuzama alisema, "Bwana, niokoe" (Mathayo 14:30). Mtoza ushuru alisimama mbali akajipiga kifua akisema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi" (Luka 18:13). Mtu asiye na nguvu za kutunga maneno yake mwenyewe atasali kwa haya siku nzima.

Lile linalowatisha wacha Mungu wengi ni sala yenye lawama ndani yake. Katika kisa cha dhoruba, wanafunzi waliomo chomboni katika Mathayo wanasema, "Bwana, tuokoe, tunaangamia", katika Marko wanasema, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Marko ameyaacha maneno hayo makali yasimame. Katika simulizi yake Yesu anaukemea upepo kwanza, na kuwauliza kuhusu woga wao baadaye. Mathayo anaanza na swali, kisha upepo. Ukizisoma zote mbili kwa siku zinazofuatana utaona kwamba hata kwa Mathayo, walioitwa wa imani haba waliokolewa bila kungoja imani yao ikue. Kwa hiyo usiogope kusema kama wanafunzi wa Marko siku unayojisikia hivyo. Walisema na yeye, hawakusema juu yake kwa wengine.

Zoezi jingine zuri limo katika Marko 10. Yesu anauliza swali lilelile mara mbili katika sura hiyo. Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, wanaulizwa wanataka wafanyiwe nini, nao wanaomba viti vya kuume na kushoto katika utukufu wake. Bartimayo kipofu, mistari michache baadaye, anaulizwa, "Wataka nikufanyie nini?" naye anaomba apate kuona. Jiulize swali hilo mwenyewe, uandike jibu lako kwa sentensi moja isiyopambwa, kisha ulilinganishe na majibu yale mawili. Mara nyingi jibu la kwanza tunaloandika hufanana na la wana wa Zebedayo kuliko tunavyopenda kukiri, na kuliona hilo ni sehemu ya kusaidiwa.

Peleka kitu kimoja katika siku

Usitoke katika kusoma na mafundisho matano. Toka na tendo moja au sentensi moja, uifunge kwenye saa ambayo unajua itakuwa ngumu. Anayekwenda kazini mahali ambapo juhudi zake hazijazaa matunda anaweza kuchukua Luka 5:1–11, ambako wavuvi walikuwa wamekwisha kutoka chomboni na wanaosha nyavu zao, yaani wamefunga kazi, ndipo wakaambiwa watweke mpaka kilindini. Simoni Petro anaanza kwa kusema ukweli wa usiku kucha bila kitu, kisha anaongeza, "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Tendo la siku hiyo linaweza kuwa kurudia kwa uaminifu kazi ileile iliyoshindikana jana. Anayemhudumia mgonjwa anaweza kukumbuka chakula cha binti Yairo wakati wa kuandaa mlo. Kinachohitajika ni kwamba habari na saa vikutane. Sentensi isiyo na saa yake husahaulika kabla ya adhuhuri.

Zitakuwapo siku ambazo hutaona chochote. Soma hata hivyo, funga kitabu, uendelee na kazi. Wanafunzi wawili wa Emau walifafanuliwa Maandiko njiani bila kumtambua aliyekuwa akisema nao, na walipoketi chakulani ndipo walipomtambua na kukumbuka kwamba mioyo yao ilikuwa ikiwaka ndani yao (Luka 24:32).

Ukimsomea mwingine

Faraja uliyoipata utatamani kumpelekea mtu aliyefiwa au aliyevunjika moyo, na hapo ndipo wengi huharibu kwa kuanza na mwisho wa kisa. Yohana 11 inafundisha utaratibu bora. Martha na Mariamu, dada za Lazaro aliyekufa, wanamwambia Yesu sentensi ileile, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Martha anajibiwa kwa mazungumzo kuhusu ufufuo na uzima. Mariamu, aliyeanguka miguuni pake akilia, hapewi maelezo yoyote. Yesu anauliza walikomweka Lazaro, analia machozi, na kwenda kaburini. Dada wawili, maneno mamoja, majibu mawili. Kabla ya kufungua Biblia mbele ya mfiwa, msikilize vya kutosha ujue kama anauliza kama Martha au analia kama Mariamu.

Akiwa anauliza, someni mstari wa 17 hadi wa 27, mkaishie kwenye kukiri kwa Martha bila kukimbilia jiwe kuondolewa. Akiwa analia, mstari wa 32 hadi wa 36 unatosha, na usiufafanue. Habari moja kwa ziara moja. Ukiombwa uongeze, rudia ileile, na ukirudi wiki inayofuata muulize yeye ni neno gani lililobaki naye, kisha muanzie hapo.